Muulize Kwanza Msomaji

Hotuba ya walimu wanaohudumu maktaba, iliyosomwa katika Siku ya Wakimbizi Duniani



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi katika siku hii, ambayo huadhimishwa duniani kila tarehe 20 Juni tangu mwaka 2001. Wenzetu wamekwisha kusema juu ya maji, kuni na mgao wa chakula. Sisi walimu tunaoshika zamu ya maktaba tumeombwa kusema juu ya vitabu. Tutasema jambo moja tu, nalo ni namna ya kumchagulia msomaji kitabu.

Tuanze na kosa letu. Maktaba ilipofunguliwa tulidhani kazi ya mkutubi ni kutunza funguo, kujaza daftari na kunyamazisha watoto. Siku moja alikuja kijana aliyemaliza shule, akaomba kitabu chochote cha hadithi. Hatukumwuliza neno. Tulichukua riwaya ya vita iliyokuwa karibu, tukampa, tukijisemea kwamba aliyekimbia vita atapenda kusoma habari za vita. Aliirudisha kesho yake asubuhi, akaiweka mezani bila kututazama. Hakuonekana tena kwa miezi mingi. Baadaye shangazi yake alitueleza kwamba usiku ule kijana hakulala. Riwaya yenyewe ni nzuri, na wapo waliokwisha kuisoma mara mbili. Kosa lilikuwa letu sisi tusiouliza.

Ndugu zetu, chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu humjua mtoto kabla ya kumfundisha. Kumbe mkutubi naye ni vivyo hivyo. Huko India alikuwako mwalimu wa hisabati aitwaye S. R. Ranganathan, ambaye mwaka 1924 alifanywa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras. Mwaka 1931 alitoa kitabu chenye kanuni tano za kazi hiyo. Kati ya hizo, mbili zinatuhusu sana: kwamba kila msomaji yuko na kitabu chake, na kila kitabu kiko na msomaji wake. Kazi yetu ni kuwakutanisha hao wawili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa hiyo siku hizi kila ajaye tunamwuliza mambo matatu.

Kwanza, lugha. Watoto wetu wa Kongo husoma kwa Kifaransa darasani, lakini nyumbani na sokoni wanasema Kiswahili. Mtu aweza kujua kusoma Kifaransa, ila akitaka kupumzika anatafuta Kiswahili.

Pili, hadithi gani aliipenda zamani, hata kama aliisikia tu kwa bibi yake karibu na moto. Hapo ndipo tunapojua ladha yake.

Tatu, anataka kitabu kimfanyie nini: kimchekeshe, kimfundishe kazi, au kimkumbushe nyumbani.

Tutoe mifano. Mzee mmoja, fundi wa chuma, alituambia anakumbuka karakana ya baba yake. Tulimtolea L'Enfant noir cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka mwaka 1953, ambamo mwandishi anaeleza utoto wake na baba yake aliyefua dhahabu. Mzee hasomi Kifaransa. Mjukuu wake alikisoma na kumfasiria, na wote wawili wakafaidika.

Mama mmoja alikuja na hofu juu ya mtoto wake anayeharisha mara kwa mara. Huyo hakuhitaji riwaya. Tulimfungulia Mahali Pasipo na Daktari, kitabu cha David Werner, ambacho mwanzo wake ni kazi aliyoifanya na wanavijiji wa milimani huko Mexico. Tulimsomea namna ya kumnywesha mtoto maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo, tukamsindikiza zahanati. Kitabu hakichukui nafasi ya mganga, lakini mama alifika huko akijua la kuuliza.

Vijana wa kikundi cha usuluhishi walitaka kitabu cha kujadiliana. Tuliwapa Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Humo Karama anashitakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo mema, kisha wakafungwa. Vijana walibishana mpaka jua likazama.

Na yule kijana wetu wa kwanza? Alirudi. Safari hii tulimwomba radhi, kisha tukamwuliza. Akasema anataka kitu cha kumshughulisha akili, kisicho na bunduki. Tulimpa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anapeleleza kifo cha tajiri mmoja. Alikisoma barazani pa maktaba kwa siku nne, kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Hapo ndipo lilipo ombi letu. Tangu masika yaliyopita, baada ya vitabu kadhaa kupotea na vingine kulowa, kuazimisha kumesimamishwa. Tunaelewa sababu, na sisi wenyewe tulikubali siku ile. Lakini maktaba hufunguliwa saa ambazo akina mama wako kwenye foleni ya maji au wametafuta kuni. Wao hawawezi kukaa barazani siku nne. Kitabu kilichofungiwa kabatini ni salama, lakini hakina msomaji.

Tunaiomba Kamati iruhusu tena kila mtu aazime kitabu kimoja kwa wiki moja, akidhaminiwa na kiongozi wa kijiji chake. Sisi tutashona mifuko ya maturubai machakavu ili vitabu visilowe.

Kwa mashirika pia tunalo neno, na tunalisema kwa shukrani. Masanduku ya vitabu mnayotuletea ni msaada mkubwa. Ila mengine huja na vitabu vya lugha tusizozisoma na mambo tusiyoyatafuta, navyo vinakaa humo kama tulivyovipokea. Daftari la wasomaji lipo mezani petu, na kila walichokiomba kimeandikwa. Kabla ya kufunga sanduku jingine, tafadhali njoni mlisome. Tulijifunza kwa uchungu kumwuliza msomaji kwanza. Nanyi tunawaomba mtuulize.