Moshi wa Plastiki Jikoni

(Maneno haya yalizungumzwa kwa vikundi vya kujisaidia katika siku ya mafunzo ya afya ya nyumbani.)



Leo tuzungumze juu ya jambo dogo tunalolifanya kila asubuhi. Kuni ni mbichi na watoto wanangoja chai waende shule. Mama anachukua kipande cha plastiki, anakitia kiberiti, anakisukuma chini ya kuni. Moto unashika mara moja. Hata mimi nimefanya hivyo miaka mingi, nilifundishwa na mama yangu. Kwa hiyo sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja tuangalie kinachotokea ndani ya ule moto.

Plastiki ni nini? Fikirieni shanga. Shanga moja ni kitu kidogo, lakini ukizitunga nyingi kwenye uzi unapata mkufu mrefu. Plastiki ni hivyo hivyo. Kiwandani, vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyotokana na mafuta ya petroli au gesi, huunganishwa maelfu kwa maelfu viwe mnyororo mmoja. Moto ukija, mnyororo hukatika. Lakini plastiki zote hazikatiki kwa njia moja, na hatari zake pia si moja.

Ya kwanza ni nailoni ya mkate na mtungi wa mafuta ya kupikia. Hii hukatika ovyo, popote pale. Vipande virefu huwa kama nta, vifupi huwa mafuta na gesi. Ndiyo sababu inanuka kama mshumaa uliozimwa na kudondosha matone yanayowaka. Tone likianguka juu ya mkono wa mtoto, linang'ang'ania ngozi. Na moto ukikosa hewa ya kutosha, unatoa masizi na kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba.

Ya pili ni ile nyeupe nyepesi inayozunguka redio mpya ndani ya boksi. Mnyororo wake hufunguka shanga kwa shanga, ukatoa mvuke wa stairini. Moshi wake ni mweusi na mzito.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, inaitwa PVC. Ni mifereji mingi ya maji, na ngozi ya nyaya nyingi za stima. Hapa kila shanga imebeba klorini. Katika PVC safi, kilo 100 zina karibu kilo 57 za klorini. Joto likifika kama digrii 200, klorini moja inachomoka pamoja na haidrojeni iliyo jirani. Ikishatoka, inayofuata inalegea, nayo inatoka, halafu nyingine, kama zipu inavyofunguka. Plastiki inageuka manjano, halafu hudhurungi, mwisho nyeusi. Mmeiona rangi hiyo pale fundi anapopitisha mfereji juu ya moto ili apanue mdomo wake. Kilichotoka ni gesi ambayo, ikikutana na unyevu wa macho, pua na kifua, inakuwa asidi. Kwa hiyo ukisikia macho yanawasha na kifua kinabana, usiseme ni moshi tu.

Tena kuna sumu nyingine isiyowasha wala kunuka. Moshi wenye klorini unapopoa, dioksini inaweza kutengenezeka ndani yake. Shaba huiharakisha kazi hiyo. Basi vijana wetu wanaochoma nyaya ili wauze shaba wameweka vyote viwili katika moto mmoja. Dioksini inaweza kuleta kansa na kudhuru ukuaji wa mtoto. Inashuka na majivu, kuku anadonoa, inaingia kwenye mafuta ya mwili na kiini cha yai. Mwaka 2005 ilichapishwa ripoti juu ya mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, mahali takataka zinapochomwa. Dioksini ndani yake ilipita kiwango kinachokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Na ikishaingia mwilini haitoki upesi. Shirika la Afya Duniani linasema huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu tu.

Haya, tufanye nini?

Kwanza, tuweke kikapu cha magunzi makavu, njiti na majani makavu karibu na jiko, na kuni zianikwe kabla ya mvua. Anayeanika kuni haitaji plastiki.

Pili, kutambua PVC. Tafuteni namba 3 ndani ya pembetatu. Kama haipo, kata kipande utie ndani ya maji, ukisukume chini kwa kidole. Nailoni na mtungi vitaelea, PVC itazama. Ziko nyingine zinazozama, kama chupa ya soda, lakini kinachozama ukitilie shaka. Kinachoelea nacho si cha kuchoma, bali cha kukusanya na kuuza.

Tatu, waya uchunwe kwa kisu. Ni kazi ya polepole, lakini shaba iliyochunwa inabaki safi. Na mfereji uungwe kwa soketi na gundi, si kwa moto.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Lakini sheria haiingii jikoni kuwasha moto. Jikoni tunaingia sisi, na mtoto aliyefungwa mgongoni anavuta ule moshi tunaouvuta.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Wiki hii nyumbani kwetu tumechoma plastiki gani, na kwa nini?
2. Ni nani kati yetu hana mahali pakavu pa kuweka kuni? Kikundi kinaweza kumsaidiaje?
3. Tutazungumza vipi na vijana wanaochoma nyaya bila kuwanyima riziki yao?