Amri ya Kutotia Nanga



Yawezekana mtu akashangaa kwamba mazungumzo yanayotoka Kigali, mji wa vilima usiosikia mvumo wa bahari, yanahusu meli za watalii. Asishangae. Mwaka 2023 meli ya starehe yenye vyumba 10, Kivu Queen uBuranga, ilianza safari katika Ziwa Kivu, nasi tukaingia katika kazi ambayo Mombasa na Zanzibar wameifanya miaka mingi: kupokea wageni kwa njia ya maji, na wakati mwingine kukataa kuwapokea.

Meli kubwa ya watalii ni kama ukuta wa ghorofa unaoelea. Upepo ukiipiga ubavuni huisukuma kama tanga, na kuilaza gatini huwa hatari. Pasipo na gati la kina cha kutosha, meli hutia nanga mbali, abiria wakashuka kwa ngazi kuingia mashuani. Wimbi likiinua mashua na kuishusha ilhali ngazi imesimama, hatua moja ya mzee yatosha kumvunja mguu au kumtupa majini. Hapo nahodha huipita bandari. Abiria hunung'unika, na madereva wa teksi na wauza khanga waliongoja tangu alfajiri hurudi nyumbani mikono mitupu. Hasara hiyo ni ya kweli, wala si haki kuibeza.

Lakini Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, pamoja na marekebisho yake, hauachi shaka: mwenye meli, aliyeikodi, wala mtu mwingine yeyote hana ruhusa ya kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama wa maisha. Ninyi mnaoishi kwa amri mtaelewa uzito wa jambo hilo. Tajiri mwenye chombo yuko chini ya mwajiriwa wake.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na Kenya ikapiga marufuku uvuvi na shughuli za ufukweni. Wapo waliolalamika kwamba tahadhari imezidi, kwa kuwa kimbunga kilipungua nguvu kilipofika nchi kavu. Hoja hiyo ni nyepesi mno. Tarehe 18 Julai 2012, katika majira ya kusi, MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikiwa na watu karibu 290. Chombo hicho kilikuwa kimevusha abiria kwa miaka mingi katika maji ya ndani ya Jimbo la Washington, Marekani. Upepo mkali na mawimbi vilikipindua karibu na kisiwa cha Chumbe. Takribani nusu tu ya waliokuwamo waliokolewa.

Na ziwa si bwawa. Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na upepo ushukao humo huchafua maji kwa muda mfupi. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku, Goma. Vita vilikuwa vimekata barabara, watu wakakimbilia majini. Makumi walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwalaki.

Sasa mfikirie askari aliye langoni mwa gati, Rubavu au Karongi. Safari imefutwa. Mbele yake yupo mgeni aliyelipa fedha nyingi, mwenye hoteli anayepiga simu, pengine na mkubwa fulani mwenye haraka ya kwenda Rusizi. Akisimama peke yake, na neno la mdomo tu, atalegea. Kwa hiyo taarifa ya hali ya hewa ya Meteo Rwanda na amri ya kufuta safari zimfikie kwa maandishi, zikiwa na saa na jina la aliyetoa amri, zibandikwe langoni ambapo kila mtu atazisoma. Na anayetaka amri hiyo ibadilishwe apelekwe kwa nahodha na kwa afisa wa bandari, si kwa askari wa lango.