FREMU YA PIKIPIKI: MEZA KWANZA, MOTO BAADAYE

Leo kila mmoja awe na penseli, karatasi, na tepu ya kupimia. Somo letu la leo lina hesabu.

Tutazungumza juu ya fremu ya pikipiki. Fremu ni ile mifupa ya chuma inayoshika injini, tangi, kiti na magurudumu. Mafundi wengine huiita chasisi. Ukiondoa vitu vyote katika pikipiki, kinachobaki ni fremu.

Kwa nini tuzungumze juu ya fremu hapa Arusha? Simama Tengeru siku ya soko, utaona mwenyewe. Pikipiki hushuka kutoka Nkoaranga na Poli, katika mitelemko ya Mlima Meru, zimebeba mikungu ya ndizi, madebe ya maziwa, na mara nyingi mtu juu yake. Pikipiki hizo zilitengenezwa kiwandani kwa ajili ya dereva na abiria mmoja. Mwenye kuitumia huongeza chuma nyuma ili abebe zaidi. Baada ya muda fremu hupasuka, naye huenda kwa mchomeleaji wa jirani, ambaye huziba ufa kwa moto na kumwambia, "Nenda." Lakini fremu ikivunjika shingoni katika mtelemko, gurudumu la mbele huenda kwake na dereva huenda kwake. Abiria aliyekuwa nyuma hana hata usukani wa kushika. Basi, fundi anayegusa fremu ameshika maisha ya watu wawili.

Labda mtauliza: Je, mtu wa kawaida aweza kutengeneza fremu katika karakana ya nyumbani? Naam, aweza. Pikipiki ya kwanza ya injini ya petroli ilitengenezwa mwaka 1885 na Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Cannstatt, Ujerumani. Karakana yao ilikuwa kibanda katika bustani ya nyumba ya Daimler, na fremu yao ilikuwa ya mti. Na hapa kwetu Arusha, Bwana Bernard Kiwia alianza kama fundi wa baiskeli, akatengeneza chombo cha kuchaji simu kwa nguvu ya gurudumu la baiskeli. Kwa hiyo, ukubwa wa karakana usikutishe. Yafaa uogope kitu kingine, nacho ni kufanya kazi bila kipimo.

Vijana wengi huanza na moto. Hukata bomba, hulishika kwa mkono, humwita mwenzao achomelee. Ndugu zangu, hiyo siyo njia. Anza na meza. Meza ya fremu ni chuma kizito kilichonyooka, kwa mfano vipande viwili virefu vya chuma cha pembe, vilivyounganishwa na kusawazishwa kwa pimamaji. Katikati ya meza piga mstari mmoja mrefu kwa chaki na uzi, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mstari huo ndio mfalme wa kazi yote. Shingo ya fremu itakaa juu ya mstari huo. Katikati ya gurudumu la nyuma patakaa juu ya mstari huo huo. Juu ya meza simamisha nguzo fupi za chuma, za kushika shingo na ekseli ya nyuma, ili visitikisike wakati wa kuchomelea. Fundi aweza kutumia siku mbili kwa meza na nusu siku kwa fremu, wala hajapoteza wakati.

Shingo ni lile bomba fupi na nene la mbele, ambalo uma wa mbele hupita ndani yake na kuzungukia. Kwa fundi wa nyumbani ni vema kutumia shingo ya fremu ya zamani, kwa sababu ndani yake mna nafasi za beringi zilizochongwa kwa mashine. Lakini tumia shingo ya pikipiki ambayo kadi yake unayo mkononi. Mwishoni nitaeleza sababu.

Shingo haisimami wima kama nguzo ya nyumba. Juu huegemea nyuma, kuelekea kwa dereva. Katika pikipiki nyingi za kazi, mwegemeo huo ni karibu digrii 27 kutoka wima. Huna chombo cha kupimia digrii? Si kitu. Chukua chaki uende ukutani. Weka alama chini. Panda juu sentimita 100 sawasawa, kwa kufuata timazi. Kutoka hapo juu nenda upande wa nyuma sentimita 51, weka alama ya pili. Unganisha alama ya kwanza na ya pili kwa mstari. Huo ndio mwegemeo wa digrii 27. Andikeni katika karatasi: 100 juu, 51 nyuma.

Kwa nini shingo iegemee? Tazama kitanda cha hospitali chenye magurudumu madogo. Ukikisukuma, kila gurudumu hugeuka lenyewe na kufuata nyuma ya pini yake. Gurudumu la mbele la pikipiki hufanya vivyo hivyo. Ukiurefusha mstari wa shingo hadi chini, hugusa ardhi mbele kidogo ya mahali tairi inapogusa. Kwa pikipiki za kazi umbali huo huwa karibu sentimita 8 hadi 10. Kwa sababu ya umbali huo, tairi hujirudisha yenyewe katika njia iliyonyooka. Ukiupunguza sana, usukani hutetemeka mbio zikizidi. Ukiuongeza sana, pikipiki huwa nzito kukata kona. Vijana wanaopenda kulaza uma mbele sana kwa ajili ya urembo, wakajaribu kugeuza chombo hicho katika njia nyembamba za Ng'iresi, watajua maana ya maneno haya.

Sasa tufanye jaribio. Chukua vijiti vinne, uviunganishe kwa misumari midogo, vifanye umbo la dirisha. Sukuma pembe moja. Umeona? Dirisha limelala. Chukua vijiti vitatu, ufanye pembetatu. Sukuma tena. Hailali. Pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka kijiti kivunjike. Kwa hiyo fundi mzuri hupanga mabomba ya fremu yafanye pembetatu. Bomba la juu na bomba la chini huanzia shingoni na kuachana kuelekea nyuma. Hapo karibu na shingo, kati ya mabomba hayo mawili, weka kipande cha bati nene chenye pembe tatu. Nyuma, bomba la kiti lisiachwe likining'inia peke yake. Lipe bomba jingine la kulitegemeza kutoka chini. Mahali hapo pa nyuma ndipo mizigo ya ndizi huvunja fremu nyingi.

Tuje kwenye bomba lenyewe. Fremu ndogo huweza kutengenezwa kwa bomba la chuma cha kawaida lenye upana wa milimita 30 kwa nje, na unene wa ukuta wa milimita 2 na nusu. Lililo bora ni lile lisilo na mshono. Mtu mwingine atasema, "Mimi nitatumia nondo nzito isiyo na tundu, iwe imara zaidi." Hebu tupige hesabu. Mita moja ya bomba hilo ina uzito wa karibu kilo 1.7. Mita moja ya nondo ya upana huo huo ina karibu kilo 5.5. Bomba lina uzito pungufu ya theluthi moja ya nondo, lakini uwezo wake wa kukataa kupinda ni zaidi ya nusu ya ule wa nondo. Kwa uzito ule ule wa chuma, bomba lina faida kubwa.

Bomba la maji lililopakwa zinki, lile jeupe linalong'aa, liache. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Anayeuvuta moshi huo huweza jioni au usiku kupatwa na homa, baridi, kichwa kuuma na viungo kuuma, kama mtu mwenye malaria. Mtu aweza kunywa dawa ya malaria, kumbe ugonjwa umetoka katika bomba. Ukiumwa hivyo baada ya kuchomelea, nenda zahanati upimwe, na umweleze mganga kazi uliyofanya mchana.

Sasa ndipo tunafika kwenye moto. Kwanza chonga mwisho wa bomba kwa tupa ya mviringo mpaka ulale vizuri juu ya bomba lingine, kama mdomo wa samaki. Nafasi kubwa usiizibe kwa chuma cha kuyeyuka. Halafu bandika kila kiungo kwa nukta nne ndogo tu, usichomelee kwa kuzunguka. Pima tena. Maana chuma kilichoyeyuka hujikunja kinapopoa, nacho huvuta bomba upande wake. Ukichomelea upande wa kushoto wote kwa mara moja, fremu itakwenda kushoto, na hakuna nyundo ya kuirudisha vizuri. Chomelea kidogo kushoto, kisha kidogo kulia, kisha juu, kisha chini. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2 na nusu hutaka umeme wa karibu amperi 70 hadi 80 kwa bomba la unene huu. Ukizidisha utatoboa. Ukipunguza, chuma kitalala juu bila kushikana na bomba, nacho kwa macho kitaonekana kizuri. Kiache kipoe chenyewe. Usimwagie maji.

Karakana ya nyumbani ina watoto, wa kwako na wa jirani, nao hupenda kutazama cheche. Waondoe. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho hata la mtu aliye mbali, na usiku jicho huhisi kama limejaa mchanga. Wewe mwenyewe tumia kioo cheusi cha kazi hiyo. Miwani ya jua haifai. Na tangi la petroli, hata likiwa tupu, liwe mbali kabisa, katika nyumba nyingine. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke hulipuka.

Fremu ikiisha kupoa, funga uzi katikati ya shingo, uuvute hadi mwisho wa ekseli ya nyuma upande wa kushoto. Andika kipimo. Fanya vivyo hivyo kulia. Vipimo hivi viwili lazima vilingane. Tuseme kushoto ni milimita 998 na kulia ni 1,004. Tofauti ni 6. Fremu hiyo itatembea kama kaa, kichwa huku na miguu kule. (Waliofika Tanga wamemwona kaa. Wengine waulizeni.) Usiipake rangi. Kata kiungo, urudi mezani.

Ufa mdogo hauonekani kwa jicho, lakini kuna njia ya kuutafuta. Chuma kikiwa baridi, na moto ukiwa mbali, pangusa kiungo kwa mafuta ya taa. Ngoja kidogo, kisha futa mpaka kikauke. Paka unga wa chaki. Kama pana ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka tena na kuchora mstari mweusi katika chaki. Njia hii ni nzuri pia kwa pikipiki unayoendesha sasa. Chunguza shingo kwanza.

Mwisho fremu ifungwe magurudumu, ipakiwe magunia ya mahindi mpaka kilo 200, na kuachwa uani usiku kucha. Asubuhi pima tena kwa uzi ule ule na ulinganishe na karatasi ya jana. Ndiyo maana nilitaka muandike. Fundi asiyeandika kipimo cha jana hana njia ya kujua kama chuma kimepinda.

Nilisema nitaeleza habari ya kadi. Shingoni mwa fremu mmepigwa namba, na namba hiyo imeandikwa katika kadi ya Mamlaka ya Mapato. Usiifute, wala usigonge namba ya kubuni. Shingo iliyookotwa kwa muuza vyuma chakavu, isiyo na karatasi, yaweza kuwa ya pikipiki iliyoibiwa, nawe utaulizwa. Fremu iliyobadilishwa isiende barabarani kabla ya kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani na kuandikishwa upya. Mpaka hapo, iendeshe shambani kwako tu. Anayetaka mkono wa mwalimu hapa mjini aende VETA au SIDO, akaulize habari za mafunzo ya uchomeleaji.

Kazi ya juma hili: Bomba moja lina urefu wa mita 6. Kila mita ni kilo 1.7. Fremu yako inahitaji vipande hivi: sentimita 75, sentimita 90, vipande viwili vya sentimita 60, na vipande viwili vya sentimita 55. Je, bomba moja litatosha? Kitabaki kiasi gani? Vipande vyote pamoja vitakuwa na kilo ngapi? Mwonyesheni mwalimu wenu majibu. Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya breki.