Uongozi ni Dhamana: Tunakumbuka Nini Juu ya Shinyanga?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Singida.)



Mliponiita niliombwa nizungumze juu ya misukosuko ya Urais wa Marekani, kwa kuwa, nimeambiwa, katika vyumba vya walimu vya Mkoa huu hakuna habari ya nje inayozusha ubishi kama hiyo. Nimekubali. Lakini naomba radhi mapema kwamba sitakaa Washington kwa muda mrefu. Nitafika huko, nitarudi, na sehemu kubwa ya mazungumzo yangu itakuwa kwa jirani zetu, tukishateremka mlima Sekenke na kupita Igunga na Nzega, yaani Shinyanga.

Nimewahi kuusikiliza ubishi wenyewe. Mmoja anamtetea Bwana Trump, mwingine anampinga, na sauti zinapanda mpaka chai inapoa. Lililonishangaza ni kwamba mbishi hupima uzito wa kosa baada ya kujua limetendwa na nani. Akiwa ni yule ampendaye, kosa ni uzushi wa maadui. Akiwa ni yule amchukiaye, hata uzushi ni kosa. Ubishi huo hatukuubuni sisi. Tumeuazima kwa Wamarekani wenyewe, ambao wamegawanyika hivyo tangu miaka mingi.

Tutazame yaliyotendeka. Katiba ya Marekani inalipa Baraza la Wawakilishi uwezo wa kumshtaki Rais, na inalipa Baraza la Seneti kazi ya kumhukumu, kwa sharti kwamba theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wamwone na hatia. Marais watatu wameshtakiwa hivyo: Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998, na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na tena Januari 2021, baada ya umati wa wafuasi wake kulivamia Bunge tarehe 6 Januari. Hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia. Clinton alipohukumiwa mwaka 1999, hakuna seneta hata mmoja wa chama chake aliyemwona na kosa. Trump alipohukumiwa Februari 2021, maseneta 57 kati ya 100 walimwona na hatia. Zilihitajika kura 67. Saba tu kati ya hao 57 walikuwa wa chama chake cha Republican.

Na hao waliothubutu walilipa gharama. Wawakilishi kumi wa Republican walipiga kura ya kumshtaki Rais wa chama chao. Wanne hawakugombea tena, wanne walishindwa katika kura za maoni za chama, na wawili tu ndio waliorudi Bungeni. Bibi Liz Cheney, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa chama hicho katika Baraza, alivuliwa uongozi Mei 2021, na Agosti 2022 wapiga kura wa chama chake huko Wyoming wakamkataa. Mei 2024 mahakama ya New York ilimtia Trump hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara, na Novemba mwaka huohuo akachaguliwa tena kuwa Rais. Siku alipoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, aliwasamehe watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi ule. Wiki saba kabla ya hapo Rais Biden, wa chama kingine, alikuwa amemsamehe mwanawe mwenyewe, baada ya kuuambia umma kwamba hatafanya hivyo. Kila upande una orodha ya madhambi ya mwenzake, na kila upande unaisoma orodha hiyo kwa sauti.

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba haikuwa hivyo sikuzote. Juni 1972 watu walikamatwa wakivunja ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Rais Nixon alijaribu kuficha uhusiano wa watu wake na jambo hilo. Julai 1974 Mahakama ya Juu ilimwamuru azitoe kanda zilizonasa mazungumzo yake, na majaji wote wanane waliosikiliza shauri walikuwa na kauli moja, ijapokuwa watatu kati yao aliwateua yeye. Katika Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, wajumbe sita wa chama chake waliungana na wapinzani kuidhinisha shtaka la kwanza. Tarehe 7 Agosti wazee watatu wa chama chake, Seneta Barry Goldwater, Seneta Hugh Scott na Mwakilishi John Rhodes, walikwenda Ikulu kumweleza kwamba hana watu tena Bungeni. Kesho yake Nixon alitangaza kujiuzulu. Wapinzani walikuwa wamepiga kelele kwa muda wa miaka miwili, naye akawapuuza. Walipokuja wa nyumbani kwake aliondoka.

Hapo ndipo ninapotaka kurudi nyumbani, Ndugu zangu, maana sisi tunayo habari yetu, na nionavyo mimi ni kubwa kuliko hiyo, lakini vijana wetu wanaijua ya Nixon zaidi.

Katikati ya miaka ya sabini mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji mengi, hasa ya wazee waliosingiziwa uchawi. Hofu ya namna hiyo sisi wa Singida hatuhitaji kuelezwa. Wazee wetu waliyaona mauaji ya watu-simba ya miaka ya arobaini, wakati wa Mwingereza. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda wazee hao wa Usukumani, na ikaanzisha msako mwaka 1976. Nia ilikuwa njema. Lakini katika msako huo watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Dola iliyokwenda kuzuia mauaji ikaua.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo Shinyanga. Hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe. Hata hivyo Januari 1977 aliandika barua ya kujiuzulu, kwa sababu waliotenda unyama ule walikuwa chini ya Wizara yake. Waliondoka pia Waziri wa Nchi, Ndugu Peter Siyovelwa, na Wakuu wa Mikoa miwili, Ndugu Peter Kisumo wa Mwanza na Ndugu Marco Mabawa wa Shinyanga. Maofisa wa polisi na usalama walioshiriki walifikishwa mahakamani, na baadhi yao wakafungwa. Yote haya yalitokea katika nchi ya Chama kimoja, na kujiuzulu huko kulikuja wiki chache kabla ya kuzaliwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Hapakuwa na kambi ya upinzani ya kuyadai. Waliomlilia Serikali aliyekufa walikuwa wanakijiji, na waliowajibika walikuwa mawaziri.

Nawaomba mtofautishe mambo mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. Mwenye hatia hujibu mahakamani kwa alilolitenda kwa mkono wake. Mwenye dhamana hujibu kwa lililotendwa chini ya kivuli chake. Kiongozi anayesema "mimi sikuhusika" anajibu swali la mahakama, ilhali wananchi wamemwuliza swali la dhamana. Ndugu Mwinyi aliyajua hayo, labda kwa sababu alikuwa mwalimu kama ninyi, na alipata kuwa mkuu wa shule kule Mangapwani, Unguja. Mkuu wa shule hajui kila fimbo inayochapwa darasani, lakini fimbo zote ni zake.

Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule ambayo sitaitaja, mwenzetu mmoja alimpiga mtoto hata akamvunja mkono. Mwalimu Mkuu hakuwapo siku hiyo. Alikuwa amekwenda wilayani kufuata mishahara. Aliporudi jioni hakufika hata nyumbani kwake. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa wazazi wa mtoto, akakaa chini, akasema shule yake imekosa. Sisi walimu tulinuna mwezi mzima. Tulisema ametuaibisha, na kwamba mtoto mwenyewe alikuwa mtundu. Nasema "tulinuna" kwa sababu nami nilikuwamo. Aliyepiga alikuwa rafiki yangu, na sikuuliza juu ya mkono wa mtoto mpaka siku alipofunguliwa bandeji.

Sitaki mfikiri kwamba nasifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Utaratibu wa mwaka 1977 ulikuwa na upungufu mkubwa: ulitegemea dhamiri ya wachache waliokuwa juu. Kama wangeamua kunyamaza, nani angewasemesha? Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kukataza, katika kifungu chake cha 15, kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na bado Shinyanga ikatokea. Kwa hiyo mwaka 1992, tulipoingia katika vyama vingi, tuliweka katika Katiba njia ya Bunge kumshtaki Rais na njia ya kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hiyo ya Rais yahitaji theluthi mbili ya Wabunge wote, na haijapata kutumika. Sheria ipo. Lakini Wamarekani wanayo sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1787, na tumeona inavyolala usingizi pale wanaopaswa kuitumia wanapotazamana kwanza rangi za mashati.

Nasi je? Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dakta Harrison Mwakyembe, Mbunge wa CCM, ilitoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu, Ndugu Edward Lowassa, alijiuzulu, huku akilalamika kwamba Kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Mawaziri wawili walimfuata. Yafaa tukumbuke kwamba wapinzani walikuwa wameyasema hayo kwa muda mrefu, lakini jambo lilisogea mwenzake wa Chama aliposimama Bungeni na kusoma.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Julai 2015 Ndugu Lowassa alihamia CHADEMA na kugombea Urais. Waliokuwa wakimwita fisadi majukwaani walimpokea kwa nderemo, na Dakta Slaa, aliyekataa kuimeza kauli yake, akawaacha. Upande wetu wa CCM tukalifufua jalada la Richmond, ambalo lilikuwa limetusumbua kidogo sana muda wote alipokuwa bado kwetu. Machi 2019 alirudi CCM, na jalada likafungwa tena. Marehemu apumzike kwa amani. Simhukumu, kwani hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Ninalouliza ni hili: karatasi za jalada lile zilibadilika lini? Zilikuwa zilezile. Aliyebadilika ni msomaji.

Liko na la karibu zaidi, ambalo najua wengine mngependa nisilitaje. Tarehe 7 Septemba 2017 mtoto wa Mkoa huu, Ndugu Tundu Lissu, aliyekuwa Mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi mchana nje ya makazi yake Dodoma. Miaka imepita bila mtu kufikishwa mahakamani. Nimewasikia watumishi wenzangu, watu wa dini na wenye elimu, wakianza mazungumzo ya jambo hilo kwa neno "lakini". Lakini alikuwa na maneno makali. Lakini ni mpinzani. Wazee wa Shinyanga waliofia mahabusi nao walikuwa na "lakini" yao: walishukiwa kuua. Mawaziri wa 1977 hawakuitumia.

Nitamaliza kwa lile linalotuhusu sisi ambao si mawaziri. Pale Mwanza na Shinyanga mateso hayakufanywa na barua kutoka Dar es Salaam. Yalifanywa na watumishi wenye mishahara, wenye vyeo vya kati, waliokuwa na haraka ya kuleta matokeo. Palikuwa na aliyefungua mlango wa chumba, na aliyeandika jina kitabuni, na aliyesikia kelele usiku akageukia upande wa pili. Kila mmoja wetu hapa anayo sahihi yake: kwenye orodha ya wanafunzi, kwenye hati ya malipo, kwenye ripoti ya kituo cha afya inayosema dawa zimepokewa. Makosa ya adui yetu tutayaona bila kuambiwa. Ugumu upo pale aliyekosa anapokuwa ndiye aliyetusaidia kupata uhamisho, au tunaposali naye, au kadi yake inapofanana na ya kwetu. Ni nani basi atakayemwendea jioni, kama wale wazee watatu walivyomwendea Nixon, amwambie?

Ndugu Mwenyekiti, naona kuna mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma tangu nilipotaja Dodoma. Nawapa nafasi waanze wao.