Tumkumbuke Mwalimu Kuanzia Nyumbani Kwake
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho atazisoma Katibu, na Mhazini atazieleza, kwa hiyo sitaingilia kazi yao. Kamati imenipa kazi moja tu. Kwa kuwa sherehe yetu imeangukia tarehe 14 Oktoba, niseme machache juu ya Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki huko London tarehe kama ya leo mwaka 1999.

Mambo ya siasa wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi ni mama wa darasa la saba, nitasema ya nyumbani.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake ishirini na wawili, na mama yake, Bibi Mugaya, alikuwa mmojawapo. Kwa hiyo alikulia katika boma la wake wengi, kama wazee wetu wengi hapa Unyakyusa walivyokulia. Yeye alibatizwa mwaka 1943, akamwoa Mama Maria mwaka 1953, akakaa na huyo mmoja mpaka kifo kikawatenganisha.

Sasa sikilizeni, akina mama, hapa pana jambo letu. Mwaka 1955 aliambiwa achague kati ya kufundisha Pugu na kuongoza TANU. Akaacha ualimu, na mshahara nao ukakatika. Nyumba ina watoto, watoto wanataka kula. Mama Maria akafungua kiduka Magomeni, akawa anauza mafuta ya taa na vitu vidogo vidogo. Maana yake nini? Wakati baba anahangaikia uhuru wa nchi, biashara ya mama ilisaidia kupika chungu cha nyumbani. Anayesema biashara ya mwanamke ni mchezo, mwambieni habari ya mafuta ya taa ya Magomeni.

Kuhusu imani, Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kweli, mtu wa kwenda misa asubuhi mapema hata alipokuwa Rais. Mwaka 1996 aliichapisha Injili kwa utenzi wa Kiswahili. Tangu mwaka 2005 Kanisa lake linamwita Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulianzia Jimbo la Musoma. Lakini dini yake hakuigeuza ukuta. TANU ya Dar es Salaam aliijenga pamoja na Waislamu wengi, na aliyewaamsha wanawake alikuwa Bibi Titi Mohamed, Mwislamu. Na sisi huku, tangu Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walipofika mwaka 1891, tuna makanisa mengi, na misikiti ipo. Kikundi chetu kina akina mama wa pande zote, na sanduku letu halijawahi kumwuliza mtu anasali wapi.

Kazi yake kwa jamii mimi ninayo kichwani mwangu. Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa karibu watu wazima saba katika kumi hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake katika kisomo hicho, jioni, akitoka kuvuna mpunga. Mwaka 1974 kule Musoma ikaamuliwa kila mtoto aende shule, na ilipofika 1977 utekelezaji ukaanza. Mimi niliingia darasa la kwanza 1978, msichana wa kwanza nyumbani kwetu. Kama si hivyo, daftari la kikundi hiki lingeandikwa na nani?

Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 alisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini nusu ya maisha yao wako likizo. Waume zetu msinune, si mimi niliyesema! Na mwaka 1971 ikatungwa Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo inampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe sawasawa na mume. Hisa za mke ni za mke.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Wapo waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya, wakaumia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, mkulima akabaki hana pa kusemea, mpaka sheria ya 1982 ikavirudisha. Yeye mwenyewe alikiri kuwa lile lilikuwa kosa. Mwaka 1985 akaachia urais kwa hiari, akarudi Butiama kulima. Wakubwa wangapi wanaweza hayo?

Ndugu zangu, kwa nini nayasema haya leo? Mwaka huu wenzetu watatu wametoka kikundini. Hawakushindwa marejesho. Fedha za kakao zilipoingia, nyumbani kulizuka ugomvi juu ya kijitabu cha hisa, na mama akaona bora aache kuliko kupigwa. Hilo ndilo linaloniuma katika sherehe hii. Ngoma inalia, na wale watatu hawapo.

Kwa hiyo Kamati ina mapendekezo mawili, na mtayapigia kura mkutano ujao. La kwanza, mwanachama akitaka mkopo mkubwa, mume aitwe asikilize masharti, aulize maswali, aone sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Anayeona kwa macho yake hadanganywi na maneno ya kilabuni. La pili, hisa hazitatolewa kwa mtu mwingine ila mwenyewe, hata aje na hasira namna gani. Na wale watatu tuwafuate majumbani kwao, tukiwa na mchungaji au sheikh wao, tuongee na waume zao kwa heshima.

Nanyi akina baba mliokaa hapa, mmeheshimu mwaliko wetu. Mkitaka kumuenzi Mwalimu, picha ukutani haitoshi. Rudini nyumbani leo, mkamwulize mama: mwaka huu umeweka ngapi, na mimi nisaidie nini?

Mungu awabariki, Mungu ibariki Kyela yetu.