Maumivu ya Hedhi Yanayokulaza Kitandani

Dada unayefunga duka Mtaa wa Kongo kila hedhi inapoanza kwa sababu huwezi kusimama, kipindi hiki ni chako. Umeambiwa ni chango, utapona ukizaa. Huenda ni endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, mirija, hata utumbo. Huleta maumivu makali ya hedhi, ya tendo la ndoa, ya kwenda haja, na kwa wengine ugumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa.

Millen Magese, Miss Tanzania 2001, alijitokeza hadharani kueleza alivyopasuliwa mara nyingi kwa ugonjwa huu. Mwaka 2017 alijifungua mtoto.

Anzia kituo cha afya, kisha omba rufaa umwone bingwa wa magonjwa ya wanawake, hospitali ya Amana au Muhimbili; zote ziko hapahapa Ilala. Nenda na daftari: tarehe, mahali panapouma, dawa ulizomeza. Ultrasaundi isipoonyesha kitu usikate tamaa, kwani mara nyingi haioni madoa madogo ya tishu hizo. Daktari anaweza kuanza na vidonge vya homoni. Visiposaidia, kuna laparoskopia: matundu madogo tumboni, kamera, madoa yanaondolewa na kipande kinapelekwa maabara. Uliza kabla: ovari zangu zitabaki? Bima inalipa kiasi gani? Na ugonjwa ukirudi, maana kwa baadhi ya wanawake hurudi hata baada ya upasuaji mzuri, tutafanya nini?