Maumivu Yako ni Ngapi? Swali la Hospitali na Janga la Vidonge

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya Tarawehe)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, kina mama na wazee wetu, kila tukizungumza juu ya madawa ya kulevya hapa pwani tunazungumza unga. Ni haki, maana nani kati yetu hana jirani, au ndugu wa tumbo moja, aliyeingia uteja? Lakini leo nataka tupite mlango mwengine. Nataka niwaeleze jinsi Marekani, nchi yenye madaktari waliosoma, ilivyowatia watu wake katika uteja kwa karatasi ya daktari. Na wengi wa madaktari hao walikuwa na nia njema.

Ukienda hospitali, kabla ya kumwona daktari, nasi anakupima joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Vitu vinne. Hata mtu akiwa amezimia, vyote vinapimika. Maumivu je? Maumivu hayana mashine hadi leo. Anayeyajua ni mwenye nayo tu. Kwa hivyo wataalamu wakatumia swali: kutoka sufuri hadi kumi, sufuri ni hakuna maumivu, kumi ni makali kupita yote unayoweza kuyafikiria, wewe uko wapi? Watoto huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia unaocheka mpaka unaolia.

Swali lenyewe, wallahi, ni la huruma. Hata huko Marekani wagonjwa wa saratani waliwahi kuachwa wakilia usiku kucha. Mwaka 1995 Dkt. James Campbell, aliyekuwa rais wa chama cha wataalamu wa maumivu cha huko, alihimiza maumivu yapimwe kwa bidii ile ile ya presha. Likazaliwa jina: kipimo cha tano. Mwaka 1999 hospitali za wanajeshi wastaafu zikalichukua, na mwaka 2001 taasisi inayokagua hospitali ikaweka masharti kwamba kila mgonjwa aulizwe maumivu yake.

Sasa tazama kilichotokea. Presha ikiwa juu, daktari ana wajibu wa kuishusha. Maumivu yakiandikwa 8 kwenye faili, naye anaona lazima 8 ishuke. Lakini ile 8 haisemi ni maumivu gani! Mfupa uliovunjika jana ni 8. Mgongo uliouma miaka kumi ni 8. Mwenye huzuni na asiyelala, naye ni 8. Haisemi kama mtu anaweza kutembea, kufanya kazi, kumbeba mtoto wake. Namba ni moja, na dawa ya haraka ya kuishusha ilikuwa tayari.

Maana mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni OxyContin, kidonge cha oksikodoni. Hii ni jamii ya afyuni, nasaba moja na mofini, na moja na huo unga wetu. Wauzaji wao waliwaambia madaktari kuwa uraibu ni nadra sana. Ushahidi uliopenda kutajwa zama hizo ni barua fupi ya mwaka 1980 katika jarida la udaktari, sentensi tano tu: wagonjwa 11,882 walipewa dawa hizi, wanne tu wakaingia uraibu. Walikuwa wagonjwa waliolazwa wodini, jamani, si watu waliopelekwa nyumbani na chupa ya vidonge! Mwaka 2017 watafiti walihesabu kuwa barua hiyo ilikuwa imetajwa mara 608, na wengi waliitaja bila kusema hilo. Nani aliyeisoma?

Kidonge chenyewe kiliundwa kitoe dawa kidogo kidogo kwa saa 12. Waliokisaga waliipata yote kwa mpigo.

Kufikia mwaka 2012 madaktari wa Marekani waliandika karatasi zaidi ya milioni 250 za dawa hizi kwa mwaka mmoja. Zilipobanwa, waliokwisha kunasa walihamia heroini, kisha fentanili, na mwaka 2021 pekee dawa za jamii hii ziliua watu takriban 80,000 huko. Purdue ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, kisha tena 2020. Chama kikuu cha madaktari kiliacha habari ya kipimo cha tano mwaka 2016.

Namba pekee haikuleta janga. Tamaa ya pesa ilikuwepo. Ila namba ndiyo iliyofungua mlango.

Lakini msiondoke hapa mkisema mofini ni haramu, mgonjwa avumilie. Hapo ndipo naona sisi tunakosea. Kwetu shida kubwa imekuwa kinyume: mwenye saratani anakufa kwa uchungu na mofini haipo, wakati jirani zetu Uganda wanawapa wagonjwa mofini ya maji tangu 1993. Nabii Ayyub (A.S.), mfano wetu wa subira, naye hakumficha Mola wake maumivu yake. Mgonjwa wako akilia, usimhubirie subira kabla hujamtafutia dawa.

Na mwezi huu kuna jambo linalonitia hofu. Wako wanaofunga, wanaruka kidonge cha mchana, halafu baada ya futari wanameza viwili au vitatu kufidia. Dawa za jamii hii zikizidi, zinapunguza pumzi. Mtu analala na haamki. Wengine wanaacha ghafla kwa sababu ya saumu, na aliyetumia kwa wiki nyingi atapata arosto kama teja yeyote, hata kama hakukosa hata kidonge kimoja.

Mwambie daktari mapema: mimi nafunga, nipangie. Pengine atahamishia dawa daku na futari. Pengine atakwambia ule, na ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa baadaye umepewa na Mola wako, usiione aibu. Akikuuliza maumivu ni ngapi, mpe namba, kisha mwambie na yale usiyoweza kuyafanya: siwezi kusujudu, siwezi kupanda ngazi. Muulize ni dawa gani, ya siku ngapi. Na vikibaki vidonge, usiviweke kabatini kwa ajili ya kesho, wala usimpe shangazi mwenye mgongo. Virudishe kwa kemisti au hospitali.